Bado Kidogo

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, magari hutoka Arusha kwenda Moshi yamejaa watu waliovaa raba na fulana za klabu zao. Wanakwenda Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wengi wao si wanariadha. Ni walimu, wauguzi, mafundi, waongoza watalii na wenye maduka; wamejilipia kiingilio na hawatarajii kurudi na zawadi. Barabara ya Mweka inapoanza kupanda, watu wamejipanga pembeni, na hapo sauti huanza: "Komaa dada, bado kidogo!" Mara nyingi hiyo bado kidogo ni kilometa kadhaa, na zote ni za kupanda.

Je, anayesema hivyo ametenda wema au amesema uongo?

Swali linaonekana la utani, lakini waongozaji wa Mlima Meru hukutana nalo kazini. Anayetoka kibanda cha Saddle, mita 3,570, usiku wa manane kuelekea kileleni, mita 4,562, hutembea ukingoni mwa kreta kwa saa nyingi gizani, na kila kilima anachokiona hukidhania ndicho cha mwisho. Mwongozaji akimwambia ukweli kwamba zimebaki saa tatu, mgeni hukaa juu ya jiwe na kuanza kufikiria nyumbani kwao. Akimwambia "tumekaribia", mgeni hunyanyuka. Ni nani wa kumlaumu?

Wapo. Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, aliandika kitabu kizima kuhusu uongo karibu na mwaka 395, na hakuacha mwanya: uongo ni dhambi hata kama nia ni njema. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliutenga uongo wa kudhuru na ule wa mzaha na ule wa kusaidia. Yote kwake ni makosa, ila uzito haulingani. Immanuel Kant, mwaka 1797, alikaza kuliko wote; aliona hata muuaji anayeuliza mlangoni rafiki yako yuko wapi hapaswi kudanganywa. Upande wa Uislamu, hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ummu Kulthum inataja nafuu katika mambo matatu: vita, kupatanisha waliogombana, na maneno ya mume na mke. Mbio za kilometa 21 hazimo, ingawa anayepanda Barabara ya Mweka anaweza kudai kwamba yuko vitani.

Utetezi wa kawaida ni kwamba hakuna anayelichukulia neno "bado kidogo" kama kipimo. Mkimbiaji mzoefu ana saa mkononi na vibao vya kilometa anaviona; akiambiwa bado kidogo hutabasamu, akaendelea na mwendo wake. Kwake ni salamu tu. Anayeumia ni mgeni, yule anayekimbia kwa mara ya kwanza na kuamini kila anachoambiwa. Tim Noakes, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cape Town, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba ubongo huigawa nguvu kwa kuangalia mwisho uko wapi, na huuzuia mwili kabla misuli haijaishiwa kabisa. Wenzake wanabishana naye juu ya namna jambo hilo linavyotokea. Lakini aliyewahi kuongeza kasi kwa sababu ameambiwa amefika, kisha akapinda kona na kukuta mlima mwingine, hahitaji maabara. Pumzi hukata, na moyo nao hukata. Baada ya hapo, hata anayemwambia kweli hamwamini tena.

Kuna mtu ambaye uongo huu usingemfaa hata chembe. John Stephen Akhwari alitoka Mbulu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002. Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200, misuli ilimkaza, kisha akaanguka akaumia goti na bega. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, na wa 57 ndiye yeye, kwa saa 3:25:27. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Giza lilikuwa limeingia, na watazamaji wachache waliobaki uwanjani walimwona akiingia na bandeji mguuni, akichechemea. Hawakuwa na cha kumdanganya. Medali zilishatolewa, na kila mtu alijua yeye ni wa mwisho. Walimpigia makofi tu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake, linalojulikana dunia nzima, lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, bali azimalize.

Jibu hilo lina mtu wa pili ndani yake. Akhwari hakusema ana moyo wa chuma. Alisema ametumwa, na ahadi ilikuwa imeshatolewa kabla mguu haujaumia.

Hapa ndipo mkimbiaji wa kawaida anapoachana na bingwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho, ambao mji wao ulikuwa jirani na michezo ya Isthmia, kwamba wakimbiao ni wengi na tuzo hupata mmoja. Mfano huo ulionekana kwa macho Septemba 15, 2025, kwenye marathoni mjini Tokyo, Alphonce Simbu, anayefanyia mazoezi Arusha, alipompita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, wakitengana kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Simbu apate shaba London. Bingwa ana tuzo ya kumwamsha alfajiri, hata ikichelewa miaka minane. Karani wa mtaa wa Sakina, Arusha, anayekimbia kilometa 10 kwa saa nzima na dakika kumi hana. Yeye huamshwa na simu ya mwenzake.

Simu hiyo ina maana kuliko kelele zote za kando ya barabara. Anayeandika usiku kwenye kundi la WhatsApp "kesho saa 11 alfajiri nje ya uwanja, msiniangushe" amewatia moyo wenzake, na papo hapo amejifunga mwenyewe. Baridi ya Julai ya Arusha, ukungu ukiwa umeshuka kutoka Meru hadi Sekei, si mzaha. Bila neno lile angejifunika blanketi tena. Uwanja wenyewe unaitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi na waziri aliyefariki mwaka 1964. Sheikh hangehitaji kukumbushwa hadithi inayotaja alama tatu za mnafiki: akisema huongopa, akiahidi huvunja, akiaminiwa hufanya hiana. Uongo na ahadi iliyovunjwa vimewekwa katika sentensi moja. Basi tofauti ya "bado kidogo" na "nipo na wewe" ya mwenzako wa mbio si ya ukali wa sauti. Aliyesimama pembeni hawezi kuifupisha barabara ili neno lake liwe kweli. Anayesema "nipo na wewe" anaweza kulifanya neno lake kuwa kweli kwa miguu yake mwenyewe, na ikimpasa apunguze mwendo, atapunguza. Eliud Kipchoge alipokimbia kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, wakimbiaji wenzake walipokezana kumtangulia na kumkinga upepo. Hao walikuwa naye barabarani.

Mchakamchaka, ambao Mtanzania huujulia shuleni au JKT, umelijua hili muda mrefu. Kiongozi huimba, wengine huitikia, na wimbo hausemi lolote kuhusu umbali uliobaki. Anayeimba hawezi kukimbia kuliko pumzi yake, kwa hiyo kundi zima hubanwa kwenye mwendo ambao mtu bado anaweza kutoa sauti. Makocha huwapa wanafunzi wao ushauri huohuo kwa maneno marefu zaidi: mazoezi mengi yawe mepesi kiasi cha kuweza kuzungumza. Mwenye mbio hapotezi kitu kwa kukimbia na wa mwisho siku kama hizo. Anapoteza akijidanganya kwamba kila Jumamosi ni mashindano.

Zipo mbinu nyingine za kutomwacha mtu nyuma. Kwenye baipasi ya Arusha, yenye kilometa 42.4, zaidi kidogo ya marathoni kamili, kundi linaweza kugeuka kwa saa badala ya kibao: ikifika dakika ya 40, kila mtu hurudi kutoka pale alipo. Waliokuwa nyuma hujikuta mbele, wenye kasi wana kazi ya kuwakamata, na wote hufika karibu pamoja.

Lakini yupo ambaye neno la kweli kwake ni "rudi nyumbani". Ana homa, au goti limevimba na anachechemea tangu Alhamisi, na wenzake wanamshangilia aendelee kwa sababu kushangilia ni rahisi kuliko kumsimamisha. Mfano wa Akhwari hutumiwa vibaya hapa, kana kwamba kila maumivu ni ya kuvumiliwa. Katika mbio zilezile za Mexico alikuwapo Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na 1964, akikimbia na mguu mbovu. Alijitoa kabla ya kufika nusu ya safari. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuacha alimwambia Wolde, Mwethiopia mwenzake, kwamba yeye hawezi kumaliza na kwamba ni juu yake sasa kushinda. Wolde alimaliza wa kwanza kwa saa 2:20:26.