Mdomo na Kalamu

Namwazia kijana wa Mbulu au Katesh anayetamani kuongoza watalii wa Kifaransa, na mtihani wa Kifaransa wa DELF, ngazi ya B1, unamsubiri. Kuandika ni dakika 45, maneno 160 hivi. Kuzungumza ni kama robo saa. Kila sehemu, pamoja na kusikiliza na kusoma, ina alama 25, na ukipata chini ya 5 katika moja umeanguka, hata jumla ikivuka 50.

Mwanangu, usikariri insha za watu. Kiiraqw ulikipata nyumbani kwa kuongea. Kifaransa nacho kiongee. Igiza na mwenzako: viatu ulivyonunua mnadani vimeachia soli, unavirudisha, muuzaji anakataa. Bishaneni mpaka mwafikiane. Jioni yaandike yote kama barua kwa rafiki, saa ikiwa mezani, ubakize dakika tano za kukagua vitenzi.