Uovu Hauna Lugha Yake

Mtu akipatikana na saratani huku Madibira, kama ilivyo kwingi Mbeya na Iringa, haipiti siku kabla ya watu kuulizana ni nani kamfanyia. Akikosekana mtu, hutafutwa dhambi. Chini ya maswali yote mawili kuna dhana moja ya kale: kwamba uovu ni kitu kamili chenye asili yake, kiwe kimetumwa kutoka nje au kimejificha ndani ya mgonjwa. Naipinga dhana hiyo, na saratani yenyewe ndiyo shahidi wangu.

Seli za mwili huishi kwa kusemezana. Seli ya ini huungana na jirani yake kwa vijitundu vinavyopitisha kemikali, na nyingine hupelekeana protini zenye amri: gawanyika, tulia, kufa. Mwaka 1966 Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno walionyesha kwamba seli za saratani ya ini la panya walizozipima zilikuwa zimepoteza mawasiliano hayo ya jirani kwa jirani. Ingekuwa rahisi basi kusema saratani ni ukimya, lakini uvimbe husema sana. Huita mishipa ya damu ije kuulisha, na huwaonyesha askari wa kinga alama ya kuwataka wasishambulie. Ajabu ni kwamba maneno hayo haukuyatunga wenyewe. Protini inayoita mishipa ndiyo hiyohiyo inayoponya kidonda. Alama inayotuliza kinga ni miongoni mwa zinazomhifadhi mtoto tumboni mwa mama. Vivyo hivyo mkulima wa mpunga anayetoboa tuta la mfereji usiku, nje ya zamu yake, hana maji yake mwenyewe: anayoyaiba ni ya mto Ndembera, yaleyale yanayolisha majaruba ya wenzake. Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alifundisha kwamba uovu hauna dhati, ni upungufu wa wema. Mimi naongeza kwamba upungufu huo huishi kwa kukopa nguvu za wema.

Mwanabiolojia atasema chanzo ni jeni zilizoharibika ndani ya seli moja. Ni kweli huharibika. Hata hivyo, mwaka 1975 Beatrice Mintz na Karl Illmensee waliziweka seli za uvimbe wa teratokarsinoma ndani ya kiinitete cha panya, nazo, zikiwa katikati ya majirani wazima, zikashiriki kujenga viungo vya kawaida. Uvimbe huo ni wa aina ya pekee, na saratani nyingi hazirudi nyuma hivyo. Lakini yatosha kuonyesha kwamba asili ya seli haiamui peke yake. Mwingine atataja virusi, adui wa nje kweli. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto, unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kirusi kinachohusishwa nao kiligunduliwa mwaka 1964, na watu wazima walio wengi duniani wanacho bila kuugua. Hata adui huyo hatoshi peke yake: kwa watoto wa ukanda wetu, malaria ya mara kwa mara huidhoofisha kinga iliyokuwa ikikizuia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba seli haina hiari, na mwenye dhambi anayo. Nakubali, ndiyo maana sisemi dhambi ni saratani. Nasema tu kwamba ndani ya mgonjwa hakuna kitu kiovu cha kufukuliwa, wala kwa bibi jirani yake anayeshukiwa kumroga. Rafiki zake Ayubu walishikilia kwamba amekosa, na Mungu akawakemea wao. Paulo aliwaandikia Wakorintho, na Mtume Muhammad akawafundisha waumini, kwamba jamii ni mwili mmoja. Wote wawili walizungumzia viungo kuumia pamoja na kiungo kinachoumia. Kwa nini mawasiliano yavunjike kwa mtoto huyu na si kwa yule, hoja yangu haijibu. Hata bila jibu hilo, Burkitt, Mkristo wa imani thabiti, aliwapa watoto dawa, na baadhi yao wakapona. Kwetu Tanzania, tangu mwaka 2018 wasichana wanapata chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, na mama anayewahi kupimwa ana nafasi kubwa ya kutibiwa. Anayeogopa kuulizwa alikosea wapi huja hospitali wakati uvimbe umeshasambaa.