Mkeka Uliohamia Sebuleni



Kifua kikuu kikiingia nyumba ya mvuvi, pale Kirumba au Igombe jijini Mwanza, mgonjwa hutengewa sahani na kikombe, kisha mkeka wake hutandikwa sebuleni. Wiki za mwanzo pana sababu: vimelea husafiri kwa hewa mtu anapokohoa, na vyumba vyetu vingi vina dirisha dogo. Lakini dawa ni za miezi 6, na mkeka hubaki sebuleni miezi yote hiyo.

Hili linaniuma. TB haiambukizwi kwa tendo la ndoa wala kwa kula sahani moja. Mwenye TB ya kawaida akimeza dawa bila kuruka, baada ya wiki 2 hivi kwa kawaida haambukizi tena. (Wa TB sugu asubiri neno la daktari.) Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, sura ya 7, aliruhusu wanandoa kutengana kitandani kwa kupatana, tena kwa muda. Sisi tunatengana bila hata kuambiana, na mwisho wake haujulikani. Mume aliyekonda, homa imemmaliza hamu, mkewe naye hasogei: mume huyo anaanza kujihesabu marehemu.

Halafu kuna habari ya shuka. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hugeuza mkojo, jasho, machozi, hata shahawa kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Mke anafua, anakuta doa, moyo unamlipuka: huyu kaniletea nini? Mama, ni dawa! Ndoa isivunjike kwa doa ambalo muuguzi angelieleza kwa dakika moja.

Mgonjwa akiwa mke, dawa hiyohiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Kondomu na kitanzi haviathiriki. Mwili uliochoka usishtukizwe na mimba. Ongeeni na muuguzi mapema. Na kwa kuwa mgonjwa wa TB hupimwa pia VVU, nendeni wote wawili.

Hamu ikichelewa kurudi, msilazimishane. Kwanza mgonjwa arudi chumbani, ashikwe mkono, asuguliwe mgongo. Mkienda kliniki, iwe hospitali ya Sekou Toure, ya Bugando au zahanati ya mtaani, baba usimwachie mama aulize peke yake. Uliza wewe, kwa sauti: daktari, tulale pamoja kuanzia lini?