Bandia, Ghushi na Unafiki



Lugha yetu ya Kiswahili haikosi maneno ya kutaja kitu kisicho cha kweli. Tunalo neno bandia, tunalo ghushi, tunalo ria, tunalo unafiki. Siku hizi limeingia neno jingine, feki, nalo lataka kukalia mahali pa yote. Kiatu ni feki, mbegu ni feki, cheti ni feki, na mtu naye ni feki. Je, kuna hasara gani? Hasara ipo, nayo yaigusa dhamiri kuliko inavyoigusa lugha. Maneno yale ya zamani yalitenga lililo kosa na lisilo kosa. Naye asiyejua kutenga hawezi kujichunguza vema.

Tuanze na bandia. Kwa asili, bandia ni mwanasesere. Msichana mdogo humbeba mgongoni na kumbembeleza, naye ajua wazi kwamba huyo si mtoto. Hakuna aliyedanganywa. Ndiyo maana twasema meno ya bandia na mguu wa bandia bila kumwaibisha mtu. Mzee aliyetiwa meno apate kula mahindi yake tena hana la kuungama. Kitu hakiwi kibaya kwa sababu kimetengenezwa na mikono ya watu. Ni kweli kwamba twasema pia noti bandia. Lakini hapo kimeongezwa kitu kingine, yaani nia ya kumwibia mwenzio.

Nia hiyo ndiyo iliyomo katika neno ghushi. Kughushi ni kuchanganya au kugeuza kitu, kisha kukitoa kana kwamba ni halisi. Yuko mfanyabiashara achukuaye mahindi ya kawaida, akayapaka rangi, akayauza kama mbegu bora. Mkulima wa Ufipa hagundui siku ya kununua. Hugundua shambani, mvua zikiwa zimekwisha shika, wakati hana tena fedha wala siku za kurudia kupanda. Aliyemwuzia amekula chakula cha mwaka mzima cha nyumba ile. Kadhalika lumbesa: gunia hujazwa, likashonewa nyongeza juu yake, kisha likaitwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza jambo hilo. Tazameni, mahindi yaliyomo ni safi kabisa. Kilichoghushiwa ni lile neno “gunia”.

Wazee wa Ufipa walijua kazi ya kutenga kilicho safi na kisicho safi. Walijenga matanuru marefu ya udongo, yaitwayo malungu, wakayeyushia humo mawe ya chuma. Lakini chuma kilichotoka katika tanuru lile kubwa kilikuwa bado kimechanganyika na takataka. Iliwapasa kukitia tena motoni katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi aweze kufua jembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya kigeni yalipojaa madukani. Lakini mabaki ya malungu yangali yakionekana katika nyanda hizi, nayo yatufundisha kwamba moto mmoja hautoshi.

Sasa tufike kwenye unafiki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa kale wa lugha hiyo walilieleza kwa mfano wa panya wa jangwani, ambaye shimo lake lina mlango wa pili uliofichwa. Ukimngojea huku, yeye atokea kule. Wakulima wetu wanaowachimba fuko mashambani wataelewa upesi. Injili, iliyoandikwa kwa Kigiriki, yatumia neno lililokuwa jina la mwigizaji wa mchezo wa jukwaani. Bwana wetu alilitumia alipofundisha juu ya sadaka, sala na mfungo. Angalieni: yote matatu ni matendo mema. Ubaya uliingia pale mtu alipoyatenda ili atazamwe na kusifiwa, na hiyo ndiyo ria.

Huenda mtu akauliza: Je, basi, hata adabu zetu ni unafiki? Hapa Ufipa kijana humwamkia mkubwa kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, hata siku ambayo moyo wake haukuchangamka. La hasha! Adabu ni ahadi ya kumtakia mwenzako heri, na mara nyingi mwili huanza, moyo ukafuata. Unafiki ni kumwamkia kwa makofi hayo hayo huku umekwisha kupanga kumnyang'anya shamba. Tendo ni moja. Mlango wa pili ndio unaoyatofautisha.

Neno la mwisho. Kristu aliwaita watu wanafiki kwa kuwa aliijua mioyo yao. Sisi hatuijui. Mji wetu wa Sumbawanga, ambao jina lake huelezwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi, watukumbusha hatari hiyo. Katika nchi yetu wazee wamekwisha kuuawa kwa sababu ya shuku tu juu ya mambo yaliyodhaniwa kufichwa mioyoni mwao. Mbegu iliyopakwa rangi yaweza kupimwa, na mwenye kuiuza ashitakiwe; moyo wa jirani hatukupewa kuupima.

Basi, juma hili, kila mmoja aitazame biashara yake, sala yake na salamu zake, ajiulize kama amejichimbia mlango wa pili. Akiuona, auzibe kwa kitubio, na kama alimpunja mtu, amrudishie kilicho chake. Huo ndio moto wa tanuru dogo. Bila huo hatutapata jembe la kulimia.