Sufuria Moja



Mama amerudi kutoka kliniki. Ameambiwa ana kisukari. Jioni ile ile, jikoni zikabandikwa sufuria mbili. Kubwa ya nyumba nzima, ndogo ya mgonjwa. Katika kubwa, wali wa nazi. Katika ndogo, mchicha wa kuchemsha, bila kiungo, bila furaha.

Wapendwa, sufuria ya upweke haidumu. Wiki ya kwanza ataila. Wiki ya pili ataichungulia ile kubwa.

Rudisheni sufuria moja. Mchicha uungwe kwa kitunguu na nyanya, ujae nusu ya sahani, sahani ya kila mmoja. Maharage yawepo. Dagaa wawepo. Ugali nao uwepo, ila matonge yapungue. Chai iwepo, sukari ibaki kwenye kopo. Soda ndiyo ya kwanza kuaga. Mkishakula, tembeeni pamoja mpaka barabarani na kurudi.

Maana kisukari mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Sufuria inayomsaidia mama leo inawakinga watoto pia.

Dawa ni zake. Azitumie kama alivyoandikiwa, asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Lakini chakula ni chetu sote.

Nawe unayekwenda kazini: mwenzako akikataa soda mchana, usimwambie kidogo haidhuru. Mwagizie maji, nawe agiza maji.