Amana ya Neno: Maandiko, Simu na Wajibu wa Msambazaji katika Delta ya Rufiji

Nani wa kuaminiwa pale neno la dini linapomfikia mtu kutoka mbali? Swali hili lilikuwepo kabla ya simu, na kabla ya karatasi pia. Katika Wilaya ya Kibiti na delta ya Mto Rufiji, mkoani Pwani, limeulizwa walau mara tatu kwa uzito mkubwa: wakati wa mnong'ono wa Majimaji mwaka 1904 na 1905, wakati wa waraka uliodaiwa kutoka Makka mwaka 1908, na katika zama hizi ambapo aya, hadithi na fatwa huingia mfukoni mwa mvuvi bila kupitia kwa mwalimu. Vyombo vilivyolibeba neno katika nyakati hizo vilitofautiana. Wajibu wa anayelipokea na kulipeleka mbele umebaki uleule.

Delta ya Rufiji ni nchi ya maji na mikoko. Mto hugawanyika katika midomo mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, na misitu yake ya mikoko ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika pwani ya Afrika Mashariki. Vijiji vingi hufikiwa kwa mtumbwi au boti, kwa kusubiri maji yajae. Katika mazingira hayo kitabu kilichochapwa kilikuwa kitu adimu, na elimu ya dini ilipita chuoni. Mtoto alianza na herufi, akaenda kwenye juzuu ya Amma, akaendelea mpaka kuhitimu msahafu. Aliyetaka zaidi alikaa darasani kusomeshwa fikihi na tauhidi. Msingi wa mafunzo hayo ni kwamba mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, mwalimu humsahihisha papo hapo, na mwalimu mwenyewe hujulikana alisoma kwa nani. Elimu ilikuwa na nasaba.

Wanazuoni wa Kiislamu waliijengea nasaba hiyo taaluma kamili. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alitaja njia nane ambazo kwazo hadithi humfikia mpokeaji. Ya kwanza ni kuisikia kutoka kinywani mwa mwalimu. Ya pili ni mwanafunzi kumsomea mwalimu, na mwalimu akakiri. Zinafuata ijaza, yaani idhini ya kusimulia, na namna nyingine za kukabidhiwa au kuandikiwa. Ya nane, ya mwisho na dhaifu kuliko zote, ni wijada: mtu kukuta andiko ambalo hakulisikia wala hakupewa idhini ya kulisimulia. Wanazuoni hawakusema kwamba andiko lililokutwa halina faida. Walimtaka aliyelikuta aseme ukweli juu ya namna lilivyomfikia, yaani kwamba amelikuta katika mwandiko wa fulani, na wakamkataza kusimulia kana kwamba amelisikia. Kwa hiyo uaminifu ulikuwa na sehemu mbili: kulinda maneno yenyewe, na kutodanganya kuhusu njia yaliyopita.

Wagiriki wa kale walikuwa na hofu inayofanana na hiyo. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Sokrate anasikitika kwamba neno likishaandikwa huzunguka kila mahali, likawafikia wanaolielewa na wasiolielewa, na likiulizwa haliwezi kujieleza wala kujitetea. Linahitaji aliyelizaa awepo kulisimamia. Hofu ya Sokrate na sharti la wanazuoni vinakutana hapa: neno lisilo na mtu wa kulijibia ni neno lililo hatarini.

Hata hivyo, historia ya Rufiji inaonyesha kwamba mnyororo wa watu peke yake hautoshi. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitangaza dawa ya maji ambayo ingewaunganisha watu na kuwakinga na risasi za Wajerumani. Watu walimiminika kwake kuichukua. Habari zilisambaa kwa jujila, ujumbe wa siri uliopitishwa kutoka mdomo hadi sikio, na wajumbe walioitwa hongo wakayapeleka maji mbali. Vita vya Majimaji vililipuka Umatumbini, nchi ya Wamatumbi, mwishoni mwa Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, lakini neno lake liliendelea bila yeye. Tarehe 30 Agosti, huko Mahenge, wapiganaji waliokwenda wakiliamini walikutana na bunduki za rashasha. Vita vilipokwisha mwaka 1907, makabila yaliyokuwa hayajawahi kupigana bega kwa bega yalikuwa yameungana dhidi ya mtawala mmoja, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa.

Katika jujila kila mpokeaji alimjua aliyemletea habari. Njia ilikuwa na nyuso na majina, na bado ahadi kuhusu risasi haikuwa kweli. Ndiyo maana wanazuoni wa hadithi hawakuishia kwenye sanadi, yaani orodha ya wapokezi. Walipima pia matini, maneno yenyewe, kwa kuyalinganisha na yaliyothibiti na kwa akili. Ebrahim Hussein aliliingia swali hili katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, ambamo neno linamponyoka aliyelitamka na kuwa kubwa kuliko yeye. Mtu wa leo aliyewahi kuona ujumbe wake ukirudi kwake umebadilika, ukiwa umepita mikononi mwa watu asiowajua, ataielewa tamthilia hiyo kwa urahisi.

Miaka mitatu baada ya vita kuanza, pwani ya kusini ilipata mtihani wa namna nyingine. Mwaka 1908 waraka uliodaiwa kutoka Makka ulifika Lindi na kusambaa katika sehemu nyingi za koloni la Wajerumani. Ulieleza ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume: kwamba dunia imekaribia mwisho, watu watubu, na anayeupata waraka aunakili na kuupeleka kwa wengine. Watawala, ambao bado walikuwa na kumbukumbu ya Majimaji, waliona ndani yake njama, na wakamshuku Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa akiishi Unguja. Lakini waraka wa aina hiyo haukuzaliwa Afrika Mashariki. Mwanazuoni wa Kiholanzi Snouck Hurgronje alikuwa ameandika kuuhusu mwaka 1884, baada ya kuenea katika visiwa ambavyo sasa ni Indonesia.

Waraka huo una viungo vyote vya ujumbe unaozunguka leo katika makundi ya WhatsApp: jina la mtu mtakatifu asiyeweza kuulizwa, tishio la adhabu, ahadi ya thawabu, na amri ya kusambaza. Tofauti iko kwenye gharama. Mwaka 1908 aliyetaka kuupeleka mbele alikaa na kalamu na wino akaunakili mstari kwa mstari, na katika muda huo alipata nafasi ya kutafakari. Sasa kidole gumba huumaliza mwendo huo kabla akili haijaanza wake. Ukristo nao uliwahi kukutana na jambo hili katika miaka yake ya mwanzo. Waraka wa Pili kwa Wathesalonike unawatahadharisha waumini wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kutoka kwa mitume kuhusu siku ya mwisho, na unafunga kwa kuonyesha salamu ya mkono wa Paulo kuwa alama ya utambulisho.

Kati ya waraka ule na simu ilipita enzi ya uchapaji. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Mombasa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akijadili dini kwa Kiswahili. Tafsiri za Kurani zilifuatana: ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, mwaka 1923, ya Ahmadiyya mwaka 1953, na ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969. Biblia ya Muungano ilitoka mwaka 1952. Vitabu hivi vilizua mabishano makali, na uwezekano wa kubishana ulikuwa ni nguvu ya uchapaji. Kila kitabu kilikuwa na jina la mfasiri na la mchapishaji, kwa hiyo al-Farsy aliweza kuikosoa tafsiri ya Ahmadiyya akijua anamjibu nani, na msomaji angeweza kuweka vitabu viwili sambamba akaamua. Kosa lilikuwa na anwani.

Simu imeleta mambo mawili kwa pamoja, na haki haitendeki likitajwa moja tu. La kwanza ni neema. Msichana wa kijiji cha delta aliyeacha chuo kwa sababu ya kuhama msimu wa mpunga anaweza kumsikiliza msomaji wa Misri na kurudia aya mpaka matamshi yakae sawa. Muumini wa kanisa dogo lisilo na Biblia za kutosha anayo Biblia nzima ndani ya simu aliyoichaji kwa umeme wa jua. Waandishi wa hadithi za Kiswahili ambao hawakupata mchapishaji huzitoa sehemu kwa sehemu mtandaoni, na wasomaji huzilipia kwa pesa za simu. Watu ambao biashara ya vitabu haikuwahi kuwafikia sasa wanasoma. Anayeidharau neema hiyo amesahau jinsi ilivyo vigumu kupata kitabu mahali pasipo na duka wala maktaba.

La pili ni fitina, na linagusa kwanza andiko lenyewe. Je, simu yenye Kurani ni msahafu? Mafakihi wa zama hizi wamelijadili, na wengi wamesema kwamba maandishi ya kiooni hutokea na kutoweka, kwa hiyo kifaa hakichukui hukumu zote za msahafu wa karatasi. Anayekigusa hashurutishwi udhu kama agusaye msahafu, ingawa adabu ni kuwa nao. Jibu hilo la kifikihi limebeba hoja nzito ya kifalsafa: utakatifu uko katika neno, na chombo hupata heshima kwa kadiri kinavyolibeba. Msahafu haubebi kingine. Simu hubeba aya, matusi, matangazo na uvumi kwenye kioo kimoja, kwa herufi za ukubwa uleule. Jicho hupoteza alama zilizokuwa zikilisaidia kujua lipo mbele ya nini, na msomaji hana budi kuzijenga alama hizo ndani ya moyo wake.

Fitina inagusa pia mamlaka ya msemaji. Mawaidha ya saa nzima hukatwa yakabaki sekunde thelathini, na sharti lililokuwa mwanzo likabaki nje. Hadithi huwekwa bila mpokezi. Mwalimu wa chuo kijijini, anayezijua hali za watu wake, hushindanishwa na sauti isiyomjua yeyote kati yao. Mwanafunzi anayejifunza kwenye kioo peke yake hana wa kumwambia kwamba amekosea, na kosa lisilosahihishwa huota mizizi.

Kibiti ina sababu ya pekee ya kujua thamani ya neno lenye mwenyewe. Katika miaka ya mauaji yaliyowalenga polisi na viongozi wa vijiji, yaliyofikia kilele mwaka 2017, mwandishi wa habari Azory Gwanda aliripoti kutoka huko kwa magazeti ya kampuni ya Mwananchi. Alitoweka Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana tena. Anayeandika kwa jina lake hulibebea neno gharama, na jamii inaponyimwa watu wa namna hiyo hubaki na minong'ono isiyo na mwenyewe. Kwa sababu hiyo, kuwalinda wanaosema kwa majina yao ni sehemu ya kuulinda ukweli wenyewe.

Kutokana na hayo yote, swali la wajibu linakuwa wazi. Zamani kazi ya kuamua nini kitoke ilikuwa ya mwalimu, mhariri na mchapishaji. Leo kila anayesambaza anaifanya kazi hiyo, ajue asijue, na hawezi kuchukua uwezo wa mchapishaji akaukataa wajibu wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, humshika anayechapisha uongo akijua kuwa ni uongo. Maadili yanakwenda mbali zaidi, kwa kuwa yanamuuliza hata yule ambaye hakujua kwa sababu hakujali kujua. Imamu Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, aliweka mlango mzima wa kukataza kusimulia kila kinachosikika. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inaamrisha kuhakiki habari ya mtu asiyeaminika kabla watu hawajadhuriwa kwa ujinga. Amri Kumi zinakataza ushahidi wa uongo.

Wapo wanaosema kwamba anayesambaza jambo la dini kwa nia njema hana dhambi. Nia njema humpunguzia mtu lawama, lakini haibadilishi uongo kuwa kweli wala haimrudishii aliyedhurika alichopoteza. Maji ya Ngarambe yalipelekwa na watu wenye nia njema. Nia hutimia pale inapokubali kazi ya kuhakiki.

Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa kila mtu. Msomaji aulize maneno haya ni ya nani, yamepokewa wapi, na yanakubaliana na yapi yaliyothibiti. Asipopata jibu, alipeleke neno hilo kwa mwalimu, padri au mchungaji anayemjua. Akiona lazima kulipeleka mbele, aseme kwa unyofu kwamba amelikuta tu na halijui lilikotoka, kama wanazuoni walivyowataka watu wa wijada. Na akishindwa yote hayo, anyamaze, kwani hakuna dini inayomwadhibu mtu kwa kutosambaza asichokijua. Neno ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili.