Mbayuwayu, Chungu na Bonasi

Maandiko: Mathayo 6:25-34, Mithali 6:1-8, Ayubu 38:31



Miezi hii ukipita kituo cha majani, hapa Kericho ama kule Bomet, mazungumzo ni mamoja tu: bonasi. Itakuwa ngapi kwa kilo? Itaingia lini? Wengine wetu tushaila hata kabla haijatangazwa. Kuna deni la dukani, kuna karo, kuna mkopo wa simu. Ndio maana tunatembea macho chini siku nzima.

Yesu alipofundisha juu ya wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwapa wasikilizaji kazi ya macho: waangalie ndege. Neno la Kigiriki katika Mathayo 6:26 lina maana ya kukazia macho, si kutupa jicho mara moja na kupita. Hiyo ni amri, wapendwa, na Septemba ni mwezi mzuri wa kuitii.

Kwa nini Septemba? Huko Ulaya baridi inaanza na wadudu wanapungua, kwa hivyo mbayuwayu wanafunga safari kuja kwetu. Watazame jioni wakipita chini chini juu ya majani chai, wakikamata wadudu hewani. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Ile pakiti ya majani ya gramu 50 unayonunua dukani ni sawa na mbayuwayu wawili na nusu! Lakini kiumbe huyo amevuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, bila ghala, bila akaunti. Yeremia 8:7 inamtaja kati ya ndege wanaojua wakati wao wa kuja, halafu inasema kwamba watu wa Mungu hawaijui hukumu ya Bwana.

Angalia pia jambo hili. Mbayuwayu hakai kwa waya wa stima akingoja mdudu aingie mdomoni. Anapumzika kidogo, anaruka tena. Baba anamlisha, lakini anamlisha akiwa kazini. Sema Amina.

Sasa niwaambie yangu. Mwaka jana, mwezi kama huu, nilikuwa nimemwekea rafiki dhamana ya mkopo kwa chama. Akashindwa kulipa, deni likanigeukia mimi. Nimesomea biashara, najua kupiga hesabu, lakini zile hesabu zilinishinda. Nikawa mkali nyumbani. Mke wangu akiuliza jambo dogo, najibu kama askari. Jumapili nahubiri imani, Jumatatu silali.

Usiku mmoja, saa tisa, nikatoka nje. Stima ilikuwa imepotea na mbingu ilikuwa wazi. Upande wa mashariki nikaona Orioni, na juu yake Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wazee wa Waswahili walikipa jina kutokana na kulima. Nikakumbuka kwamba Mungu alimwuliza Ayubu kuhusu nyota hizo hizo: je, yeye anaweza kuzifunga ama kuzifungua? Nikajibu kwa sauti, peke yangu uani: "Hapana Bwana, siwezi." Deni halikupungua hata shilingi moja. Lakini nilirudi ndani nikalala.

Asubuhi nikafungua Mithali 6 nikitafuta yule chungu tunayemjua wote. Kumbe kabla ya chungu kuna mistari mitano kuhusu mtu aliyeweka dhamana! Anaambiwa aende kwa jirani yake, ajinyenyekeze, ajiokoe kama ndege anayetoka mkononi mwa mtegaji. Nilikuwa nimeiruka mistari hiyo miaka yote. Siku hiyo nilimwomba mke wangu msamaha, nikaenda kwa rafiki yangu, tukaenda pamoja kwa kamati ya chama. Tukakubaliana kulipa kidogo kidogo. Bado tunalipa. Lakini nalala.

Ndipo nikamwelewa chungu. Hana nyapara wa kumfuata nyuma, lakini wakati wa mavuno anaweka akiba. Hali yote siku moja. Mpendwa, bonasi ni mavuno. Kabla haijaingia, keti na mke wako ama mume wako, andikeni kwa karatasi: fungu la kumi, deni, karo, mbolea, akiba. Hela ambayo haijapangiwa kazi hujitafutia kazi yake, na mara nyingi ni kazi mbaya. Na ukiitwa kuweka dhamana, uliza kwanza nyumbani.

Wiki hii nawapa kazi tatu. Jioni moja, simama shambani dakika kumi, simu ikiwa mfukoni, uwaangalie ndege. Siku nyingine, chuchumaa na watoto mfuate msafara wa chungu mpaka shimoni. Na usiku mmoja usio na mawingu, toka nje pamoja na familia muombe mkiangalia nyota. Kama kuna deni ama kosa umelificha, liseme kabla ya kurudi ndani.

Tuombe: Baba, wewe unayemlisha ndege wa gramu 20, tusamehe wasiwasi wetu. Tupe macho ya kuona, mikono ya kufanya kazi, na unyenyekevu wa kusema ukweli nyumbani. Katika jina la Yesu, Amina.